Anayenufaika na kisima asiwe mkaguzi wake

Serikali imeahidi kwamba mafuta ya Turkana yataanza kuuzwa kabla ya mwaka 2026 kumalizika. Tullow imeondoka, Gulf Energy imeshika nafasi yake, na mjadala wa umma umetekwa na mgao wa mapato, barabara na ajira. Suala la nani atahakikisha kwamba visima vyenyewe vitachimbwa kwa usalama halijapewa uzito unaostahili. Hilo ni kosa, na linafaa kurekebishwa kabla mitambo ya kuchimba haijasimamishwa tena Lokichar, Turkana.

Wakazi wa Machakos na Ukambani kwa jumla wana kila sababu ya kulidai jibu. Bomba la kwanza la mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi lilipoanza kazi mwaka 1978, eneo la Thange, ambalo sasa liko Makueni, lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos. Mei 2015, wakazi wa huko walikuta mafuta yaliyovuja kutoka bomba hilo yakielea kwenye mto waliotegemea kunyweshea mifugo na kumwagilia mashamba. Mwaka 2019, bomba jipya lililogharimu takriban shilingi bilioni 48 lilivuja Kiboko, hata kabla halijapata umri wa kuitwa kuukuu. Waathiriwa wa Thange walisubiri miaka kumi kabla ya mahakama ya Makueni kuiamuru Kampuni ya Bomba la Mafuta (KPC), Julai 2025, ilipe takriban shilingi bilioni 3.8.

Mkondo wa matukio hayo unajulikana. Chombo kinaharibika, mwenye chombo anachelewa kukiri, msimamizi wa serikali anafika baada ya madhara, na mwananchi anaachiwa mzigo wa kuthibitisha mahakamani kwamba ameumia. Mkondo huo ukihamishiwa kwenye uchimbaji wa mafuta, hasara itapimwa kwa maiti. Bomba linalovuja huua mto polepole, ilhali kisima kinachofoka huua wafanyakazi kwa dakika chache.

Kisima cha mafuta hulindwa kwa vizuizi viwili. Cha kwanza ni tope zito la kuchimbia linalojaza shimo ili uzito wake ulemee shinikizo la gesi na mafuta yaliyo mwambani. Cha pili ni mtambo uitwao BOP, yaani rundo la vali nzito za chuma linalofungwa mdomoni mwa kisima. Ndani yake mna pete ya mpira inayobana bomba la kuchimbia, na mataya ya chuma yanayoweza kulikata bomba hilo na kuliziba shimo. Tope likishindwa, vali hizo ndizo kinga pekee iliyobaki kati ya wafanyakazi na moto.

Kisima hutoa ishara kabla ya kufoka. Pampu imezimwa, lakini tope linaendelea kutoka. Kiwango cha tope kwenye tangi kinapanda ilhali hakuna aliyeongeza chochote. Mwendesha mtambo anayeyaona hayo hupaswa kukifunga kisima papo hapo, bila kumtafuta mkubwa wake kuomba ruhusa. Akisita kwa kuogopa kulaumiwa kwamba amepoteza muda wa kampuni, gesi hupata nafasi ya kupanda na kutanuka, na ikishafika juu, cheche moja yatosha.

Dunia ilishalipia somo hili kwa gharama kubwa. Aprili 20, 2010, wafanyakazi 11 waliuawa kwenye mtambo wa Deepwater Horizon uliokuwa ukichimba kisima cha Macondo katika Ghuba ya Mexico. Jaribio la shinikizo lilikuwa limeonyesha hatari, lakini waliokuwa kazini waliyapokea matokeo kana kwamba kisima kiko salama. BOP ilipohitajika, haikuweza kukiziba kisima, na wachunguzi baadaye walikuta kasoro za nyaya na betri ndani yake. Mafuta yalimwagika baharini kwa siku 87.

Uchunguzi haukuishia kwenye vyuma. Ilibainika kwamba idara ya serikali ya Marekani iliyopaswa kulinda usalama ndiyo iliyokuwa pia ikikusanya mrabaha wa mafuta. Idara hiyo ilivunjwa na majukumu yake yakatenganishwa. Norway ilikuwa imeyatenga majukumu ya aina hiyo tangu mwaka 2004. Uingereza, kwa visima vyake vya baharini, imetaka tangu mwaka 1996 kwamba kila kisima kichunguzwe na mtaalamu asiye chini ya timu inayokichimba. Nchi hizo zimekubali jambo moja: anayefaidika na kasi ya uchimbaji hawezi kuachiwa peke yake uamuzi wa lini uchimbaji usimame.

Kenya bado haijalikubali jambo hilo kwa vitendo. Sheria ya Petroli ya 2019 imeweka hesabu kamili ya mapato: asilimia 75 kwa Serikali Kuu, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii inayoishi penye mafuta. Jukumu la udhibiti limepewa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Lakini mamlaka hiyo iko chini ya wizara ileile inayohimiza mafuta yatoke haraka. Siku mkaguzi atakapotakiwa kusimamisha kisima huku tarehe ya kuuza ikikaribia, atakuwa akimpinga anayemsimamia. Mpangilio wa aina hiyo haufai kutegemea ujasiri wa mtu mmoja.

Wapo watakaosema mafuta ya Lokichar yana nta nyingi, hayana msukumo wa kutisha, na hivyo tahadhari hizi ni za kupita kiasi. Hoja hiyo haitoshi. Mafuta ya aina hiyo hutolewa kwa kusukuma maji mwambani, na maji hayo hubadilisha shinikizo ambalo kisima kinachofuata kitakutana nalo. Mfuko mdogo wa gesi ulio karibu na uso wa ardhi nao unaweza kumvamia mchimbaji hata kabla BOP haijafungwa mahali pake. Ama hoja ya kwamba ukaguzi utachelewesha mradi, mafuta haya yalitangazwa Machi 2012, na hakuna hata mwaka mmoja kati ya yote yaliyopita uliopotezwa na mkaguzi wa vali.

Wala hakuna kisingizio cha ukosefu wa ujuzi. Kampuni za nishati KenGen na GDC zimechimba visima vya mvuke Olkaria na Menengai kwa miaka mingi, na wahandisi wake huzitumia BOP kazini. Nchi inao watu wa kuanzisha kikosi cha ukaguzi. Kinachokosekana ni amri ya kukiunda na bajeti ya kukilipa bila kutegemea mfuko wa mwekezaji.

Hatua zinazotakiwa ziko wazi. Kwanza, EPRA ichapishe kanuni kamili za udhibiti wa visima, na kisima chochote kisianze kuchimbwa kabla hazijatiwa saini. Pili, majaribio ya BOP, ambayo kwa desturi ya sekta hii hurudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu, yashuhudiwe na mkaguzi asiyelipwa na mradi, na matokeo yawekwe hadharani Lodwar na Lokichar sawa na Nairobi. Tatu, sheria imlinde mwendesha mtambo anayefunga kisima kwa nia njema, hata ikibainika baadaye kwamba hapakuwa na hatari. Nne, mwekezaji aweke dhamana ya fidia kabla ya kuchimba, ili mfugaji wa Turkana asilazimike kusubiri miaka kumi kama mkulima wa Thange.

Bunge nalo lina wajibu wake. Wabunge na maseneta wa Machakos na Makueni, ambao wapiga kura wao wanaishi kandokando mwa bomba na barabara ambayo malori ya mafuta ghafi ya Lokichar yaliitumia kuelekea Mombasa, hawawezi kusema jambo hili ni la Turkana peke yake. Wamwite Waziri wa Kawi na Petroli mbele ya kamati na wamtake ataje, kwa jina la ofisi, nani atakuwa na mamlaka ya kusimamisha kisima na nani atawajibishwa yasipotumika. Hadi jibu hilo litolewe kwa maandishi, kibali cha kuchimba kisitolewe.