Yai la Chura na Swali la Mtoto



Mvua za kwanza zinyeshapo Mbinga na kando ya Ziwa Nyasa, mashimo ya ngoro hukinga maji mashambani, na usiku kucha vyura hulia mabondeni. Katika siku kama hizo mtoto mmoja wa chuoni kwetu alimwuliza mama yake, "Mayai ya chura hutoka wapi?" Akajibiwa kwa kofi. Kesho yake akawaambia wenzake kwamba vyura huzaliwa na matope.

Yafaa basi tueleze. Yai changa hukaa ndani ya mwili wa chura jike likijiwekea chakula, lakini haliwezi kurutubishwa, kwani limesimama katikati ya safari yake ya kugawanyika. Wakati wa kutaga ukaribiapo, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo hupeleka homoni katika damu. Homoni hiyo huziamsha chembe zilizolizunguka yai, nazo hutoa homoni nyingine. Iliyochunguzwa zaidi na wataalamu ni projesteroni.

La ajabu ni hili: projesteroni ikidungwa ndani ya yai haifanyi kazi, bali ikiligusa kwa nje, yai hupevuka. Hodi hupigwa mlangoni, haipigwi chumbani. Kutoka hapo habari hupokezanwa na protini za ndani, moja ikiiamsha nyingine.

Mwaka 1971 Yoshio Masui na Clement Markert walichota ute wa yai la chura lililokwisha kupevuka, wakaudunga katika yai changa. Yai lile likapevuka bila ya kupewa homoni yoyote. Baadaye ilijulikana kwamba nguvu iliyomo katika ute huo ni protini mbili zilizoshikana, na za namna hiyo hiyo huziamuru chembe za mwili wa binadamu kugawanyika.

Projesteroni nayo imo katika miili ya mama zetu. Huliandaa tumbo la uzazi kupokea mimba, na huisaidia mimba kudumu.

Kwa hiyo, enyi wazazi, mtoto yule hakuuliza neno la aibu. Aliuliza jambo ambalo binti zetu watalihitaji wakifikia umri wa kuvunja ungo. Tuwajibu kwa adabu na kwa kadiri ya umri wao. Mtoto akosaye jibu nyumbani hulitafuta kwingine, na huko hatujui atapewa nini.