Shikamoo Hailipi Ankara

Wiki iliyopita nilikaa saa nne kwenye ukumbi wa hoteli moja hapa Dar es Salaam, kiyoyozi kikinipiga kisogoni, nikifundishwa jinsi ya kufanya kazi na watu wa mataifa mengine. Mwezeshaji alikuwa kijana wetu, mtanashati, aliyeng'ang'ania Kiingereza mbele ya watu 60 waliokuwa Waswahili watupu. Akaangaza jedwali ukutani. Mjerumani: anataka muda. Mchina: usimwambie hapana mbele za watu. Mwarabu: usimpe kitu kwa mkono wa kushoto. Mwafrika: uhusiano kwanza, kazi baadaye. Watu wakaandika. Mama aliyekaa kando yangu akapiga picha, akairusha papo hapo kwenye kundi la WhatsApp la ofisini kwao.

Mimi nikaweka kalamu chini. Hii imani kwamba ukishakariri mila za mtu basi umekuwa mwenzake wa kazi imenichosha. Na haiji bure: ada ilikuwa shilingi 250,000, chai na sambusa mbili ndani yake.

Niwaambie kwa nini imenichosha. Miaka kadhaa nyuma nililitafsiria kazi shirika moja la nje. Mkurugenzi wake, mzungu wa makamo, ungedhani ndiye aliyeitunga semina. Shati la kitenge kila Ijumaa. Shikamoo kwa mzee wa getini, tena kwa kuinama. Kwangu aliulizia nyumba, watoto, na goti la mama yangu, ambalo kaka zangu wenyewe hawaliulizii. Nikamwona ndugu. Nikakabidhi kurasa 140 mwezi wa Aprili, kabla ya siku tuliyokubaliana, na ankara juu yake. Mei nikaambiwa malipo yako kwenye mchakato. Juni, mchakato. Agosti nikampigia mwenyewe, akanijibu kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu: "Pole sana kaka, haraka haraka haina baraka."

Sasa mtazameni mjomba wangu. Ana duka la mikoba Kariakoo, Mtaa wa Congo, na semina anazozijua ni zile za arusi. Alikwenda Guangzhou mara ya kwanza bila neno moja la Kichina. Mama mwenye mzigo akaandika bei kwenye kikokotoo, mjomba akaifuta akaandika yake, yule akaifuta, hivyo hivyo mpaka wakacheka. Kwa mujibu wa jedwali la mwezeshaji, mjomba alimtukana mwenyeji wake siku hiyo hiyo, maana alimpa kadi yake kwa mkono mmoja, huku anatafuna. Mwaka wa kwanza alinunua taslimu. Wa pili alilipa nusu. Wa tatu yule mama akamwachia mzigo mali kauli: nenda kauze, nitumie changu. Mpaka leo jina la mjomba halimkai mdomoni, anamwita "Tanzania". Lakini mjomba alituma fedha siku aliyosema, hata mwaka ule kontena lilipokwama bandarini akala hasara, na yule mama hilo halijamtoka.

Mali kauli. Hapo ndipo penye uhusiano wote, na sikulisikia neno hilo hata mara moja kwa saa nne.

Tena si jambo la jana. Unguja ya Sayyid Said, mtawala Muibadhi kutoka Maskati, forodha ilikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, Mhindu wa Kachchh. Mwaka 1833 Sayyid akafunga mkataba wa biashara na Wamarekani, na 1837 akashuka balozi wao wa kwanza, Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem na Mkristo mwenye bidii ya dini. Dini tatu kwenye gati moja. Nguo ziliingia, pembe na sandarusi zikatoka, na neno amerikani likabaki kwetu kuwa jina la kitambaa. Sisemi walikuwa watakatifu. Kisiwa kile kilikula jasho la watumwa. Nasema madaftari yalisomeka, na hakuna aliyemfundisha mwenzake namna ya kushika kikombe.

Na jedwali lenyewe mnajua lilikozaliwa? Mababu zake ni fomu za maswali alizokusanya Mholanzi Geert Hofstede kutoka kwa wafanyakazi wa kampuni ya IBM, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa ile ya 1970. Kitabu chake kikatoka 1980. Humo Tanzania haina hata mstari wake. Nchi zilipoongezwa baadaye, tukafungwa furushi moja na Kenya, Zambia na Ethiopia, halafu furushi likaitwa Afrika Mashariki. Muethiopia mwenye mwaka wa miezi 13 na mimi wa Magomeni, alama zetu zilezile!

Wakati wa chai ndugu mmoja alinibana: "Lakini kaka, na huo mkono wa kushoto je?" Jamani. Bibi yangu wa Pangani angenizaba kofi ningempa kitu kwa mkono wa kushoto, na hakuwahi kupewa cheti cha uwezeshaji. Tulitumia pia dakika 40 kwenye saa ya Kiswahili, eti mgeni akisema saa mbili anakusudia mchana na wewe unafika asubuhi. Si umuulize asubuhi au mchana?

Wala tusijisafishe. Muulizeni mzabuni anayelisha shule zetu za bweni amesubiri hundi miezi mingapi, kutoka kwa watu wanaomwamkia kila siku kwa lugha yake na kumwita baba.

Semina ijayo mnipe robo saa na mimi. Nitamwomba kila mshiriki ataje mtu anayemdai, kabla hajanitajia tabia za Mjerumani.

Ankara yangu ya Aprili ililipwa Novemba, pungufu ya makato ya benki. Mkurugenzi alikwisha kuhamia nchi nyingine. Aliniachia doti ya kanga kwa ajili ya mama watoto, na barua ndefu ya kuaga, imeandikwa kwa Kiswahili fasaha.