Kasi ya Angani na Gharama Yake

Kutoka Arusha hadi hapa mjini Babati ni kilomita zipatazo 170. Ndege ya Concorde, iliyokwenda takriban kilomita 2,150 kwa saa, ingeukata umbali huo kwa muda usiotimia dakika tano. Mwanafunzi akielezwa hivyo ana haki ya kuuliza: mbona basi ndege hiyo hairuki tena? Swali hilo lastahili jibu kamili, kwani ndani yake mna fundisho kwa kila mtumishi anayepanga matumizi ya fedha za wananchi.

Concorde, iliyoundwa na Uingereza na Ufaransa, iliruka mara ya kwanza mwaka 1969, ikaanza biashara mwaka 1976 na kustaafishwa mwaka 2003. Zilitengenezwa 20 tu, na 14 ndizo zilizofanya biashara, zote katika mashirika ya nchi hizo mbili. Tu-144 ya Umoja wa Kisovieti ilianza kubeba abiria Novemba 1977, ikakoma Juni 1978. Wamarekani waliuacha mradi wao mwaka 1971 kabla ndege haijaruka. Ama kweli, mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Tatizo halikuwa ukosefu wa maarifa. Ndege ipitayo mwendo wa sauti huikuta hewa isiyopata nafasi ya kuipisha. Hewa hiyo hugandamana kuwa mawimbi mazito, na ukinzani huongezeka mno. Kwa kila kilo moja ya ukinzani, Concorde iliinua kilo zipatazo saba tu; Boeing 747 huinua zipatazo 17. Hivyo matangi yake yalibeba tani zipatazo 95 za mafuta kwa abiria wapatao 100, yaani karibu tani nzima kwa kila msafiri. Aidha, joto la hewa hiyo lilifikisha pua ya ndege nyuzi 127 za Sentigredi, na aloi ya alumini isingestahimili mwendo mkubwa zaidi.

Mawimbi hayo hufika ardhini kama mshindo wa radi, tena katika njia yote ya ndege. Ndiyo sababu mwaka 1973 Marekani ilizikataza ndege za kiraia kwenda kasi hiyo juu ya ardhi yake. Lakini Januari 2025 ndege ya majaribio XB-1, ya kampuni ya Boom, ilipita mwendo wa sauti, na Juni mwaka huo Rais wa Marekani akaagiza katazo hilo liondolewe.

Hapo ndipo jambo hili linapotuhusu. Njia fupi baina ya Ulaya na kusini mwa Afrika hupita juu ya bara letu. Isije ikadhaniwa kwamba chini ya anga hilo hapana watu. Wapo wafugaji na mifugo yao, wakulima wa mbaazi wa Babati, na watoto madarasani. Si haki mtu wa Babati abebe mshindo ili tajiri wa mbali aokoe saa tatu.

Kwa hiyo ni wajibu wa wataalamu wetu wa usafiri wa anga kuandaa msimamo ulio wazi kabla ya maombi ya kupita hayajaletwa mezani. Nao walimu wa fizikia waifundishe hesabu hii ya ukinzani, mafuta na joto, ili vijana wetu wajue kuuliza, kila waonyeshwapo chombo kipya: kinakwenda kasi gani, kwa gharama ya nani?