Mtoto wa mlalahoi asomee wapi?

NDUGU msomaji, kabla hujaendelea hebu hesabu macho yaliyopita juu ya gazeti hili kabla halijafika mkononi mwako. Kama uko kijiweni, huenda wewe ni mtu wa sita. Mmoja kalinunua, wa pili kalisomea begani kwa mwenye nalo, wa tatu kaliazima kwa ahadi ya kulirudisha sasa hivi. Likishachakaa litafungia vitumbua, na mla vitumbua naye atasoma kipande kilichobaki. Nenda asubuhi kwa muuza magazeti yeyote jijini. Utakuta vijana wamesimama nusu duara, mikono nyuma, wanapitia vichwa vyote vya habari kuanzia siasa mpaka usajili wa Simba na Yanga. Hela ya kununua hawana. Hamu ya kusoma wanayo.

Kwa hiyo anaposimama kigogo jukwaani na kudai kwamba vijana wa nchi hii hawapendi kusoma, sisi tunasema huo ni uongo wa mchana kweupe. Wako wenye msemo wao wa kejeli kwamba ukitaka kumficha Mwafrika jambo, liandike kitabuni. Swali letu ni dogo tu: hicho kitabu chenyewe kimefichwa wapi, na nani kashika ufunguo?

Muulize mzee wako kuhusu Willy Gamba, mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba. Muulize kuhusu Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Muulize kuhusu gazeti la Sani na katuni zake. Vitabu hivyo vilizunguka mkono kwa mkono mpaka jalada likang'oka na kurasa za mwisho zikapotea. Hakuna mwalimu aliyesimama na fimbo. Hakukuwa na mtihani. Walisoma kwa sababu walitaka kujua adui atakamatwa vipi. Huo ndio mwanzo wa msomaji popote duniani: kwanza utamu, elimu hufuata nyuma yake.

Sasa tuangalie nchi iliahidi nini. Tanganyika ilitunga sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa, ile iliyoko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam. Mwaka ule nchi haikuwa na kitu, lakini ilijenga maktaba. Mwaka 1975 ikaja sheria mpya ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Sheria hiyo haikumtaka mtu akae tu alinde vitabu visiliwe na mchwa. Iliipa Bodi kazi ya kuanzisha, kuendesha na kuendeleza maktaba, kusaidia kampeni za kufuta ujinga, na kuamsha hamu ya wananchi kwa maandishi ya Kitanzania. Mwaka 1989 kikaanzishwa chuo cha ukutubi Bagamoyo ili wapatikane wataalamu.

Sheria ipo. Chuo kipo. Wataalamu wapo. Kilichokosekana ni nini?

Chukua hesabu hii. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Maktaba Kuu ipo katikati ya jiji. Mtoto wa darasa la nne wa Mbagala, Gongo la Mboto, Bunju au Chanika atafikaje? Apande daladala, azuiwe mlangoni na kondakta kwa sababu analipa nauli ya mwanafunzi, afike jua limekwishaanza kushuka, kisha ageuze kabla giza halijaingia. Nauli ya kwenda na kurudi kwa watoto watatu wa mama lishe ni mboga ya siku nzima. Maktaba inayofikiwa kwa nauli inaweza kuwa ya mwanafunzi wa chuo au ya mtafiti. Ya mtoto ni ile anayoifikia kwa miguu na ndala zake.

Tusieleweke vibaya. Hatudai majumba ya vioo. Maktaba kwa mtoto ni shughuli kwanza, nyumba baadaye. Shughuli ya kwanza ni saa ya hadithi. Jumamosi asubuhi, watoto thelathini wamekaa mkekani (mkeka wa kukalia, si ule mnaouchana kila wikiendi mechi zikiharibika), na mtu mmoja anayejua kusoma kwa sauti. Anasoma, anafika mahali fisi kamkaribia sungura, anafunga kitabu. Anayetaka kujua mwisho akiazime, arudi nacho Jumamosi ijayo awasimulie wenzake. Hapo mtoto kajifunza mambo matatu kwa mpigo: kusoma, kutunza mali isiyo yake, na kusimama mbele za watu akazungumza.

Kijana wa miaka kumi na tano huwezi kumvuta kwa hadithi za sungura. Yeye mpe riwaya, mpe mdahalo, mpe gazeti la wiki na umwambie atoe hoja zake, mpe karatasi aandike hadithi ya mtaa wake isomwe mbele ya wenzake. Mpe pia meza na taa. Wewe unayeishi uswahilini unafahamu: chumba kimoja watu sita, redio ya jirani juu, umeme ukikatika mtihani nao umekatika. Na yule kaka mkubwa ambaye kusoma kwake ni kwa kusitasita, mpe kazi ya kuwasomea wadogo. Atafanya mazoezi bila aibu, kwa maana mbele ya watoto wa darasa la kwanza yeye ni mwalimu.

Nani anaweza kusema haya ni anasa? Mwaka 2011 utafiti wa Uwezo ulionyesha kwamba kati ya kila watoto kumi wa darasa la tatu, takriban watatu tu ndio walioweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Hadithi ya Kiswahili, ndugu msomaji, lugha ya nyumbani na sokoni. Baadaye Serikali ilibadili mtaala wa madarasa ya mwanzo ili mkazo uwe kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Hatua hiyo hatuibezi. Lakini kumfundisha mtoto kusoma kisha usimpe cha kusoma ni sawa na kumfundisha kuogelea halafu ukafunga bahari. Akiona kitabu anaona mtihani, na mtihani anauona pamoja na fimbo. Siku akimaliza shule anakitupa kitabu kama mfungwa anavyotupa nguo za jela.

Watasema fedha hakuna. Wimbo huo tumeuzoea. Mwaka 2001 Uingereza iliipa kampuni ya BAE kibali cha kuiuzia Tanzania rada kwa pauni milioni 28. Kelele zilipigwa humu nchini na hata Uingereza kwenyewe kwamba bei ile haikuwa saizi ya nchi maskini. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani Uingereza kosa la kutoweka vizuri kumbukumbu za hesabu. Mwaka 2012 Tanzania ikalipwa pauni milioni 29.5, na fedha zile zikaelekezwa kwenye vitabu vya shule za msingi na madawati. Jifunze hapo. Vitabu vya wadogo zako vililala ndani ya rada kwa takriban miaka kumi. Fedha haikuwa haipo. Ilikuwa imepelekwa pengine.

Chukua mfano mwingine. Mwaka 2021 nchi ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, ule wa UVIKO, wa shilingi trilioni 1.3. Kutokana na mkopo huo yakajengwa madarasa 15,000 kwa kasi ambayo sote tuliiona, wakuu wa wilaya wakilala kwenye matofali na saruji. Madarasa yalihitajika na hatuna ugomvi nayo. Ila yanatupa hoja. Serikali inayoweza kuinua madarasa 15,000 kwa muda mfupi haiwezi kutuambia kwamba chumba kimoja cha kusomea katika kila kata ni mlima.

Wala si jambo la kubuni. Hata mkoloni alipoanzisha East African Literature Bureau mwaka 1948 alipeleka vitabu mashambani kwa masanduku. Kule Garissa, Kenya, tangu mwaka 1996 vitabu vimefikishwa kwa watoto wa wafugaji juu ya migongo ya ngamia. Kama ngamia aliweza Garissa, bajaji itashindwa Manzese? Pale Nairobi, maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931 na kwa miaka mingi ikawa ya wazungu tu. Mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha Book Bunk, wakakaa mezani na serikali ya jiji, wakashika kazi ya kuifufua maktaba hiyo na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, mitaa ya walalahoi kama wewe na mimi.

Hapa kwetu pia njia inajulikana. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991 ulikuwa na utaratibu wa kumhakikishia mchapishaji kwamba sehemu kubwa ya nakala za kitabu cha mtoto itanunuliwa, kisha nakala hizo zinagawiwa mashuleni. Mchapishaji haogopi hasara, mwandishi anapata chochote, mtoto anapata hadithi ya Kiswahili. Kata mia moja zikinunua nakala tano tano za kitabu kimoja ni nakala 500. Hapo mwandishi wa Kitanzania anaweza kuishi kwa kalamu bila kumpigia mtu magoti. Mwaka 2021 dunia ilimpa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, Tuzo ya Nobel ya fasihi, na mwaka 2022 riwaya yake ya Paradise ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Vigogo walishangilia. Muulize mtoto wa Tandale kama amekiona kitabu hicho hata jalada.

Basi madai yetu ni haya. Kila halmashauri itenge fungu la usomaji wa watoto, lionekane kwenye bajeti kwa jina lake, lisifichwe chini ya "mengineyo". Kila kata itoe chumba. Bodi ya Maktaba ipeleke sanduku la vitabu na kulibadilisha kila baada ya miezi mitatu. Aajiriwe kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne, apewe mafunzo mafupi na posho inayolipwa kwa wakati, maana vijana wenye vyeti wanaozunguka mitaani tunao wa kumwaga. Chumba kifunguliwe jioni, Jumamosi na wakati wa likizo, si saa ambazo mtoto yuko darasani. Na mtoto asitozwe hata senti. Ilani ya UNESCO ya maktaba za umma, iliyotolewa upya mwaka 1994 na kurekebishwa mwaka 2022, inasema huduma hizi kwa kanuni ni za bure. Mwaka ule wa 1994 jukumu la kwanza lililotajwa lilikuwa kujenga tabia ya kusoma kwa watoto wangali wadogo.

Tunaongeza sharti moja. Chumba hicho kisiwe tawi la chama chochote. Tumeona viwanja vya mpira vilivyojengwa kwa nguvu za wananchi wote zama za chama kimoja vikibaki mali ya chama tawala baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992. Vitabu visifanywe hivyo. Bendera isipandishwe mle, hata yetu. Na diwani wa upinzani asijifiche nyuma ya tahariri hii. Kati ya mwaka 2015 na 2020 kambi ya upinzani iliongoza halmashauri kadhaa za miji mikubwa. Naye ana deni, na aulizwe alitenga nini.

Tunajua pia ujanja wao. Watakuja na uzinduzi, utepe, fulana, kofia na ngoma. Mgeni rasmi atapigwa picha amempakata mtoto na kitabu. Wiki ya pili mlango utakuwa na kufuli, na ukiuliza utaambiwa mtendaji amesafiri.

Hapo ndipo unapoingia wewe, kijana. Usidhani jambo hili ni la akina mama na walimu. Serikali ya mtaa ikibandika mapato na matumizi ubaoni, anayesoma ndiye anayeuliza milioni ya mtaro imekwenda wapi. Mkataba wa pikipiki unaosainishwa barabarani, anayesoma ndiye anayejua siku ya kunyang'anywa. Wanaokula wanapenda sana watu wanaosaini bila kusoma. Mdogo wako anayekua bila kitabu ni chakula chao cha kesho.

Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda. Nyoosha mkono na umuulize diwani maswali matatu: bajeti ya vitabu vya watoto ni shilingi ngapi, chumba ni kipi, na ufunguo wake anao nani? Akianza porojo, mwache amalize, kisha uliza tena.