Shule Moja, Wenyewe Wengi

Mzazi wa Gazi au Mwabungo, katika Kaunti ya Kwale, ambaye mtoto wake amekaa muhula mzima bila mwalimu wa hisabati ana milango mingi ya kubisha. Mwalimu mkuu atamwambia walimu huletwa na TSC, tume inayoajiri walimu. Afisa wa TSC katika kaunti ndogo atamwambia nafasi za ajira hutegemea bajeti ya Nairobi. Mwakilishi wa wadi atamweleza kwamba kaunti inashughulikia chekechea na haina mamlaka juu ya shule ya msingi. Mbunge atamwonyesha madarasa yaliyojengwa kwa pesa za NG-CDF, hazina ya maendeleo ya maeneo bunge. Wote wanne watakuwa wamesema kweli, na mwalimu wa hisabati bado hatakuwepo.

Ukitaka kuelewa kwa nini Kwale imehangaika na elimu miaka yote hii, anzia hapo. Yapo maelezo mengine yanayosemwa sana: umaskini wa Kinango na Lunga Lunga, ukame, mimba za mapema, vijana wa Ukunda wanaovutwa na bodaboda na kazi za ufuoni kabla ya kumaliza shule. Yote ni ya kweli. Lakini shida kama hizo zingekabiliwa kwa urahisi zaidi kama tungejua angalau nani wa kuulizwa. Kwale, na Kenya kwa jumla, tumejenga mfumo ambao kila mtu anashika kipande cha shule na hakuna aliyeshika shule.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liligawa kazi hizi. Serikali za kaunti zilipewa chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya malezi ya watoto. Serikali ya kitaifa ilibaki na shule za msingi, sekondari, mitaala na mitihani. Miaka mitatu baadaye, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaongeza Bodi ya Elimu ya Kaunti na bodi ya usimamizi (BOM) katika kila shule. Walimu ni wa TSC, tume huru inayosimama kwa Kifungu cha 237 cha Katiba.

Kwenye karatasi mgawanyo huo unaeleweka. Ingia sasa katika ua wa shule moja ya umma popote kati ya Tiwi na Vanga. Darasa la watoto wa miaka minne linafundishwa na mwalimu anayelipwa na kaunti. Hatua chache tu kutoka hapo, gredi ya 1 inafundishwa na mwalimu wa TSC. Upande wa pili kuna sekondari msingi, yaani gredi ya 7 hadi ya 9, iliyowekwa ndani ya shule za msingi tangu Januari 2023, ambayo walimu wake wamekuwa wakidai wawe na uongozi wao wenyewe. Na pale ambapo TSC haikutosheleza, yuko mwalimu wa BOM, aliyeajiriwa na bodi na kulipwa kwa michango ya wazazi, mwezi wenye pesa anapata na mwezi usio na pesa anasubiri. Waajiri watatu ndani ya ua mmoja, na mwalimu mkuu anayetarajiwa kuwaongoza wote hakuajiri wengi wao.

Pesa nazo zina njia zake. Kwa mtoto wa shule ya msingi, mgao wa serikali ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Gawanya kwa miezi tisa ya masomo, unapata chini ya shilingi 160 kwa mwezi. Shule yenye watoto 600 inapaswa kupokea shilingi 852,000 kwa mwaka mzima, na humo mna vitabu vya mazoezi, chaki, maji, umeme, ukarabati wa vyoo na mlinzi wa usiku. Mtoto huyo akivuka kutoka gredi ya 6 kwenda ya 7, katika kiwanja kile kile, mgao wake unapanda hadi 15,042. Akiingia sekondari ya kutwa ni 22,244.

Hizo ndizo namba rasmi. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliiambia Kamati ya Elimu ya Bunge la Taifa kwamba serikali haikuwa ikimudu hiyo 22,244, na kwamba kilichokuwa kikifika shuleni ni kama 16,900 kwa kila mwanafunzi. Pengo ni shilingi 5,344. Kwa sekondari ya kutwa yenye wanafunzi 300, huo ni upungufu wa zaidi ya shilingi milioni 1.6 kwa mwaka. Shule kubwa ya bweni yenye wazazi wenye uwezo itaziba pengo hilo kwa njia moja au nyingine. Sekondari ya kutwa iliyo ndani kule Samburu ya Kwale au Mwereni itakopa unga na maharagwe dukani, kisha itawarudisha watoto nyumbani wakatafute pesa za chakula.

Halafu kuna watoto ambao hawakuhesabiwa kabisa. Kwa miaka mingi mgao ulimfuata mtoto aliyesajiliwa katika NEMIS, mfumo wa taarifa za wanafunzi, na usajili huo ulidai namba ya cheti cha kuzaliwa. Kaunti gani iliumia kwa sharti hilo kuliko Kwale? Hapa ndipo waliishi Wamakonde, vizazi kadhaa bila vitambulisho, mpaka walipotembea kuelekea Nairobi Oktoba 2016 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa pwani hii walisubiri hadi 2023. Mzazi asiye na kitambulisho alipata taabu kumpatia mwanawe cheti, na mtoto asiye na cheti alikaa darasani, akala uji kama wenzake, akatumia chaki kama wenzake, bila shilingi hata moja kuja kwa jina lake. Shule zilizopokea watoto hao kwa moyo mwema ndizo zilizopunjwa. Vitambulisho vimetolewa, lakini hatujasikia shule hizo zikifidiwa, na jambo hilo lilistahili kuulizwa bungeni.

Linganisha mfumo huu na ule wa Marekani, ambako wilaya ya shule ina bodi inayochaguliwa na wakazi katika sehemu nyingi za nchi, na karibu nusu ya fedha za shule za umma hutokana na kodi za eneo lenyewe, hasa kodi ya ardhi na nyumba. Mfumo huo una dhuluma yake: mtaa wa matajiri unapata shule ya kitajiri. Hata hivyo mkazi anajua ni bodi gani ya kuiondoa kwa kura. Diani ina viwanja vya ufuoni vyenye thamani kubwa mno na hoteli zinazojulikana duniani, lakini kodi ya ardhi inayolipwa huko huenda kwa kaunti, ambayo kikatiba haina shule ya msingi, na kodi ya mapato huenda Nairobi. Shule ya umma iliyo ng'ambo ya barabara haioni uhusiano wowote kati ya utajiri huo na dawati lake.

Kaunti, kwa upande wake, haikukaa kimya. Gavana wa kwanza, Salim Mvurya, alianzisha Elimu ni Sasa, mpango wa basari na ufadhili uliokuwa ukitengewa karibu shilingi milioni 400 kwa mwaka, na Gavana Fatuma Achani ameuendeleza tangu 2022. Watoto wa maskini waliofanya vizuri katika KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi wakati huo, walipelekwa shule za kitaifa wakiwa wamelipiwa karo yote. Wengine leo ni wahitimu wa vyuo vikuu kutoka nyumba ambazo hakuna aliyewahi kufika kidato cha nne. Hilo ni jambo kubwa na anayelibeza hajaona uso wa mama wa Kinango siku barua ya ufadhili inapofika.

Ila basari humfuata mwanafunzi mmoja mmoja. Haiongezi mwalimu, na mtoto bora anapopelekwa mbali, shule ya kijijini inabaki ilivyokuwa. Halafu msingi wake wa kisheria umetikisika: Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, aliziandikia kaunti kwamba haziwezi kulipa basari za sekondari bila mkataba na serikali ya kitaifa, kwa kuwa kazi hiyo si yao. Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo baada ya magavana kulipinga. Wakati wakubwa wakivutana, wazazi walikuwa na barua za kudaiwa karo mikononi.

NG-CDF nayo imepitia hali hiyo hiyo. Mahakama Kuu iliamua Septemba 2024 kwamba hazina hiyo inakiuka Katiba na ikaagiza ifungwe ifikapo Juni 30, 2026. Imejenga madarasa, imetoa basari, na kila jengo lina jina lake ukutani. Basari ya kaunti, basari ya mbunge, fomu mbili, nakala za cheti na kitambulisho, saini ya mwalimu mkuu, muhuri wa chifu, saini ya imamu au pasta. Mzazi wa kijijini anatumia nauli mara mbili kufuata pesa ambazo kama zingepelekwa moja kwa moja shuleni zingepunguza karo ya kila mtoto.

Tukiacha majengo na basari, ni nini hasa kinachomfanya mtoto wa Kwale ajue kusoma? Swali hili lina jibu lililopatikana hapa hapa. Kati ya 2010 na 2012, zilipokuwa bado wilaya za Kwale na Msambweni, utafiti uitwao HALI uliendeshwa katika shule 101 za msingi za serikali. Watafiti walijaribu mambo mawili. La kwanza, kuwapima watoto malaria shuleni na kuwatibu: halikuonyesha faida kwa afya wala kwa masomo. La pili, kuwasaidia walimu wa darasa la kwanza na la pili kufundisha kusoma katika shule 51. Walimu walipewa warsha, wakapewa mipango ya masomo iliyokwisha kuandaliwa kwa sehemu, kisha kila wiki simu zao zikapokea ujumbe mfupi wenye mawaidha ya kufundishia na muda kidogo wa maongezi. Hakuna jengo lililojengwa. Baada ya miaka miwili watoto wa shule hizo walikuwa wanasoma vizuri kuliko wenzao wa shule 50 zilizolinganishwa nazo, na kiwango cha kuacha shule kilikuwa asilimia 2.1 badala ya 5.3.

Mwalimu aliyekumbukwa kila wiki alifundisha vizuri zaidi, na mtoto anayeelewa anachosoma hakuona sababu ya kuacha shule. Ushahidi huu ni wa watoto wa Wadigo na Waduruma, katika shule zetu, kwa walimu wetu. Hata hivyo hausikiki katika hotuba za kampeni, pengine kwa sababu ujumbe wa simu hauwezi kuzinduliwa kwa utepe.

Jibu la swali la nani aulizwe lipo tayari katika sheria, ila halitumiki. Bodi ya Elimu ya Kaunti ina kiti cha mkurugenzi wa elimu wa kaunti, cha waziri wa elimu wa serikali ya kaunti na cha TSC. Kwa hiyo ofisi tatu ambazo kila moja inashika kipande cha shule zinakaa kwenye meza moja. Vikao hivyo viwe vya wazi, vifanywe mara moja kwa muhula katika kila kaunti ndogo, na wazazi waruhusiwe kuuliza. Bodi za shule nazo: sheria inataka wajumbe sita wachaguliwe na wazazi, lakini mara nyingi uchaguzi huo unafanywa haraka mwishoni mwa kikao kirefu cha kusoma matokeo, na wanaochaguliwa hawaonyeshwi hesabu za shule mpaka siku ya kutia saini.

Kuna hatua moja isiyohitaji sheria mpya wala bajeti. Kila shule ya umma ibandike getini, kwa Kiswahili, karatasi moja yenye mambo manne: watoto waliosajiliwa, mgao uliopokewa muhula huo na tarehe uliyoingia, walimu waliopo kwa kila mwajiri, na masomo yasiyo na mwalimu. Mkurugenzi wa elimu wa kaunti anaweza kuliagiza hilo kwa waraka mmoja.

Haraka inahitajika kwa sababu nyingine pia. Base Titanium, iliyochimba madini kule Nguluku na Maumba tangu 2013, ilijenga madarasa na kulipia wanafunzi wengi wa Msambweni, kisha ikasimamisha uchimbaji Desemba 2024. Ufadhili wa aina hiyo hauwezi kutegemewa milele. Sheria ya Madini ya 2016 inatenga asilimia 20 ya mrabaha kwa kaunti na asilimia 10 kwa jamii, na kaunti kama Kwale zilisubiri fedha hizo kwa miaka. Wanaopanga matumizi ya fungu la jamii wanaweza kuamua leo kwamba sehemu yake ilipe walimu wa hisabati na sayansi katika sekondari za kutwa, ambazo sasa zinapokea wanafunzi wa gredi ya 10 wa mtaala mpya, nyingi zikiwa hazina maabara. Wagombea wa 2027 watakuja na ahadi za basari. Wazazi wa Msambweni, Matuga, Kinango na Lunga Lunga wawaulize kwanza wataketi vipi na TSC, na mwalimu wa hisabati atafika muhula gani.