Ugoko wa mchezaji wa ndondo nao ni ugoko

PAMBA ikishauzwa, vijiji vya Bariadi vinapata muda na vinapata hela kidogo. Hapo ndipo makombe yanapoanza. Kombe la diwani, kombe la mbuzi, kombe la mfanyabiashara anayetaka jina lake litajwe kwenye kipaza sauti. Nkololo haina tofauti na kata nyingine za Simiyu. Uwanja ni udongo mkavu uliopasuka, mashabiki wanasimama juu ya mstari, na mpira unapigwa kweli kweli.

Sasa angalia miguu ya wanaoingia uwanjani. Huyu ana njumu, yule ana raba, mwingine yuko peku. Soksi ni za wachache. Vikinga ugoko, vile ambavyo vijana wanaviita shingadi, unaweza kumaliza mechi nzima hujaviona kwa mtu hata mmoja. Refa anatazama saa, anapuliza filimbi, mpira unaanza.

Mimi nasema refa huyo asipulize.

Najua nitaambiwa naleta mambo ya Ulaya kwenye ndondo. Haya, tuanze na sheria basi, maana kwenye ndondo ndiko wanakojua sheria kuliko marefa. Sheria ya 4 ya soka inataja vifaa vitano vya lazima: jezi yenye mikono, bukta, soksi, vikinga ugoko na viatu. Inasema vikinga viwe vya kitu kinachoweza kweli kumlinda mchezaji, na vifunikwe na soksi. Mchezaji asiyekamilika anatolewa nje akajiweke sawa.

Kuna watu watasema hiyo ni sheria ya Simba na Yanga, siyo ya mechi ya kugombea mbuzi. Hapana. IFAB, chombo kinachotunga sheria za soka duniani, kinaruhusu mashirikisho ya nchi kulegeza baadhi ya mambo kwa watoto, maveterani, wenye ulemavu na soka la ngazi ya chini. Mnaweza kupunguza uwanja. Mnaweza kupunguza dakika, kubadili ukubwa wa mpira na wa goli, hata kumruhusu aliyetolewa arudi tena kucheza. Vikinga ugoko havimo kwenye orodha hiyo. Waliotunga sheria walimfikiria mchezaji wa ridhaa, wakaona dakika zake zinaweza kupungua, lakini ugoko wake ubaki na kinga.

Nitaulizwa: mbona viatu navyo vya lazima na sivipigii kelele? Viatu tutafika, bei yake ni habari nyingine. Mimi naanza na kinachoanza kuvunjika. Tena uwanja ambao mmoja ana njumu na mwenzake yuko peku ndio wa hatari zaidi, maana chuma au plastiki ngumu ya njumu inakutana na mfupa ambao juu yake kuna ngozi tu. Gusa ugoko wako hapo ulipokaa. Hakuna nyama hapo.

Wenzetu wa kriketi wana mjadala unaofanana na huu. Mchezo huo hapa kwetu ulikuwa wa watu wachache wa Dar es Salaam, lakini vijana wetu wa chini ya miaka 19 walipofuzu Kombe la Dunia la 2026, hata sisi wa soka tuligeuka kutazama. Mpira wa kriketi ni mgumu, una uzito wa gramu 156 hadi 163, na mrushaji mkali anaupeleka kwa zaidi ya kilometa 140 kwa saa. Kule Uingereza, mtoto wa chini ya miaka 18 anatakiwa avae helmeti anapokwenda kupiga. Mtu mzima anayecheza kwa kujifurahisha wikiendi anashauriwa tu. Hapo ndipo wanapogombana. Wengine wanasema avae kwa lazima. Wengine wanasema ni mtu mzima, kichwa ni chake, mwacheni.

Wanaosema mwacheni wana mfano wao mkubwa, Vivian Richards wa West Indies, aliyewapiga warushaji wakali wa zama zake akiwa na kofia ya kitambaa tu kichwani. Mfano mtamu, lakini Richards alikuwa mmoja. Huwezi kutunga utaratibu wa watu wote kwa kumtazama mtu ambaye Mungu alimpa macho ya mwewe. Ni sawa na kumwambia beki wa kata acheze kwa kumuiga Maldini.

Na kama kuna anayedhani soka na kriketi haviingiliani kwenye hili, hajui vikinga ugoko vilitoka wapi. Mwaka 1874, mshambuliaji wa Nottingham Forest aitwaye Sam Weller Widdowson, aliyekuwa pia mcheza kriketi, alichoka kupigwa mateke. Akachukua kinga za miguu za kriketi, akazikata zikawa fupi, akazifunga kwa mikanda juu ya soksi, akaingia uwanjani. Watu walimcheka. Baadaye waliomcheka wakaanza kuvaa. Ilipofika 1990, FIFA ikafanya vikinga kuwa lazima. Miaka 116 kutoka kicheko hadi sheria. Sisi huku kwenye makombe ya kata bado tuko kwenye kicheko.

Nisiwadanganye lakini. Kikinga ugoko si dawa ya kila kitu. Eduardo wa Arsenal alivunjwa mguu pale Birmingham Februari 2008. Aaron Ramsey akavunjwa pale Stoke Februari 2010. Djibril Cissé alivunjika mguu mwaka 2004 akiwa Liverpool, akavunjika tena 2006 akiwa na Ufaransa siku chache kabla ya Kombe la Dunia. Hao walikuwa kwenye soka ambalo huwezi kuingia bila kikinga. Mguu ukiingiwa kwa nguvu zote huku umeganda ardhini, kipande cha plastiki hakitaushikilia mfupa.

Kazi ya kikinga ni kuusambaza ule mshindo usitue sehemu moja, na kuzuia njumu isichane ngozi. Kinapunguza, hakifuti. Kinaokoa miguu mingi kwenye rafu za kawaida, zile za kila dakika tano ambazo hazina hata kadi. Nani kakuambia ndondo ina upungufu wa rafu za kawaida?

Kriketi walipitia swali hilohilo kwa uchungu mkubwa. Novemba 2014, Phillip Hughes wa Australia alipigwa na mpira shingoni kwenye uwanja wa Sydney. Alikuwa amevaa helmeti. Mpira ulipita chini yake, ukampata mahali ambapo helmeti haikufika. Alifariki siku mbili baadaye, akiwa na miaka 25. Hakuna aliyesimama akasema basi helmeti hazina maana, tuzitupe. Walitengeneza kinga ya kuongezea nyuma ya shingo. Akili ndivyo inavyofanya kazi: kinga ikiwa na tundu, unaziba tundu, humalizii kwa kuvua kinga yote.

Turudi Nkololo, maana hoja yangu kubwa iko huku. Watu wanaamini kinga ni ya mchezaji wa kulipwa kwa sababu mguu wake una thamani. Mimi naona ni kinyume. Mchezaji wa ligi kuu akivunjika ana daktari wa timu, ana mkataba, ana watu wa kumsukuma kwenye kiti. Winga wa timu ya kijiji akivunjika ana nini? Kuna bodaboda ya kumpeleka hospitali, kaka anayeuza mbuzi kulipia picha na hogo, na mzee fulani wa mtaani anayeshauri apelekwe kwa waunga mifupa wa jadi badala ya hospitali.

Mfupa wa ugoko ukivunjika vizuri, na ukiungwa vizuri, unaweza kuchukua miezi minne hadi sita. Pigia hesabu. Akivunjika Agosti, mwezi wa makombe, mvua za kupanda zinamkuta bado anachechemea. Nani atashika plau nyuma ya ng'ombe? Kama ni dereva wa bodaboda, nani atapeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila jioni? Pale nyumbani kuna mama, kuna mke, kuna wadogo zake wanaosoma. Ndiyo maana ile hoja ya kriketi ya kwamba mtu mzima aachiwe kichwa chake huku kwetu haisimami. Ugoko wa kijana wa Nkololo si wa kwake peke yake. Unalisha watu.

Sasa tusikie visingizio. Cha kwanza, joto na usumbufu. Sawa, vinabana mara ya kwanza. Hata njumu mpya zinabana na hakuna aliyezivua. Cha pili, uanaume. Eti mpira ni mchezo wa wanaume, woga ubaki nyumbani. Wanaume wa Simba na Yanga wanavaa kila wiki, nenda kawaambie waoga halafu utupe majibu.

Cha tatu ni runinga. Vijana wanamuona Jack Grealish soksi zimeshuka, kikinga kidogo kama cha mtoto wa chekechea, wanaona hiyo ndiyo staili. Wanasahau mambo mawili. Grealish anacheza kwenye nyasi laini mbele ya refa mwenye VAR. Na hata yeye, pamoja na udogo wake, anavaa. Tangu 2024 sheria inasema wazi kwamba ukubwa na ufaafu wa kikinga ni jukumu la mchezaji mwenyewe. Grealish akiumia kwa uamuzi wake, atatibiwa na wanaomlipa. Wewe nani anakulipa?

Kisingizio cha nne si kisingizio, ni hoja ya kweli: hela. Mtu hana soksi, atapata wapi shingadi? Matokeo yake anachomeka kipande cha boksi ambacho dakika ya kumi kimelowa jasho na hakikingi kitu, au anakata dumu, lenye kingo zinazoweza kumchana mwenyewe. Hapa simlaumu mchezaji. Hapa namgeukia mwenye kombe.

Mheshimiwa diwani, mheshimiwa mbunge, na wewe mfanyabiashara: mnatoa jezi zenye majina yenu mgongoni, mipira miwili na mbuzi wa bingwa. Asanteni, mpira wa kijiji unaishi kwa mikono yenu. Lakini timu zote hazichezi kwa wakati mmoja. Mechi moja ina wachezaji 22 uwanjani. Kombe zima linahitaji jozi kama 30 tu, zile za mikanda ambazo hata asiye na soksi ndefu anaweza kuzifunga, zinunuliwe mara moja na kukaa kwa katibu wa mashindano pamoja na mipira. Timu zinaingia, zinapewa. Mechi ikiisha, zinarudishwa, zinafutwa, zinasubiri mechi ya pili. Ndivyo tunavyofanya na bibu za mazoezi. Tunashindwaje kwa ugoko? Kama bajeti ni ndogo, punguzeni kipaza sauti siku moja.

Chama cha soka cha mkoa nacho kina kazi. Kombe likiombewa kibali na marefa, kibali kiwe na sharti hilo. Refa wa kata asiachwe peke yake kuwazuia vijana 22 mbele ya kijiji kizima chenye hamu ya mechi. Mpeni karatasi ya kujitetea nayo. Akiambiwa anaharibu shughuli, aseme ni agizo, siyo roho mbaya yake.

Na manahodha, ninyi ndio mnaosikilizwa kuliko sisi waandishi. Nahodha mmoja mwenye jina pale kijijini akivaa mechi tatu mfululizo, wadogo wote watavaa. Widdowson alianza peke yake.

Mbuzi wa bingwa ataliwa usiku mmoja. Mguu ukivunjika, nyumba nzima inaulipia mpaka msimu ujao wa pamba. Refa, kabla ya kutazama saa, tazama miguu.