Chupa Moja kwa Mtu Mmoja

Januari 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Dar es Salaam, nyumba tuliyokuwa tumepanga ilikuwa na vyumba sita na chupa moja ya dawa ya macho. Aliianza kijana wa chumba cha mbele, konda wa daladala. Alitia siku mbili, akapata nafuu, akampa mama wa chumba cha pili ambaye watoto wake wawili walikuwa wameamka kope zimegandana. Mama akawatia watoto, akajitia na yeye, akampelekea jirani. Ilipofika kwangu ilikuwa imebaki robo, na mdomoni imefanya ukoko wa njano. Mimi lilikuwa linaniwasha jicho moja tu, la kushoto. Nikatia yote mawili, la kulia kama kinga. Siku chache baadaye la kulia ndilo lililovimba zaidi.

Simlaumu mtu. Chupa ile ilitembea kwa mapenzi, kama zinavyotembea chumvi na kiberiti katika nyumba ya kupanga. Mwenzako akiumwa ukanyamaza na dawa unayo, utaitwa mchoyo. Ndiyo maana naona jambo hili halitatengenezwa na mabango ya hospitali peke yake. Lazima tulizungumze sisi wenyewe, uani na barazani, mpaka mtu aweze kusema "hii ni yangu, kanunue yako" bila mwenzake kuhesabu kuwa ametukanwa.

Wizara ya Afya ilikwisha kutoa tahadhari mwezi ule ule kwamba kilichokuwa kinatusumbua ni virusi. Sasa dawa tuliyokuwa tunapokezana ilikuwa kloramfenikoli, antibayotiki, na antibayotiki huua bakteria. Kirusi haikigusi hata umwage chupa nzima. Lakini macho mekundu ya virusi kwa kawaida huisha yenyewe baada ya wiki moja au mbili, kwa hiyo kila aliyepona aliisifu chupa, na sifa hiyo ikawa ndiyo nauli ya kuipeleka chumba kinachofuata. Kazi halisi iliyofanya chupa ile ni kubeba ugonjwa. Kila mdomo wake ulipogusa kope la mgonjwa, uliondoka na kitu.

Jicho lenye bakteria lina tabia zake. Tongotongo ni zito, la njano au kijani, ukifuta linarudi, na asubuhi unalazimika kuloweka kope kwa maji ya uvuguvugu ndipo zifunguke. La virusi hutoa machozi mepesi, huhisi kama mchanga umeingia, na mara nyingi huja pamoja na mafua au koo kuuma. La aleji huwasha kupita kiasi, macho yote mawili, na chafya juu. Nakupa alama hizi uwe na pa kuanzia, lakini huchanganyika, na hata waganga wenye uzoefu huwachukua muda kuzitenganisha. Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni dogo: jicho litazamwe na mtu aliyesomea kabla halijatiwa kitu. Maambukizi mengi mepesi ya bakteria nayo hupoa yenyewe ndani ya siku saba hadi kumi. Dawa huharakisha tu. Hakuna haraka ya kukufanya uazime chupa ya jirani usiku.

Tuseme umeonwa, ni bakteria, umeandikiwa matone. Hapa nataka twende polepole, maana wengi wetu hatujawahi kufundishwa, tunaiga tulivyoona kwa wakubwa.

Nawa mikono kwa sabuni. Safisha tongotongo kwa pamba na maji safi yaliyochemshwa yakapoa, ukianzia upande wa pua kwenda nje, kila unapofuta tumia kipande kipya cha pamba. Inamisha kichwa nyuma, vuta kope la chini litengeneze kijimfuko, tazama juu, kisha dondosha tone moja humo. Moja. Jicho lina nafasi ndogo mno, na tone moja la chupa limekwisha kuizidi. La pili na la tatu yanatiririka shavuni na kumaliza dawa bure. Mdomo wa chupa usiguse kope, wala jicho, wala kidole. Fumba jicho taratibu bila kulikaza, na ubonyeze kwa kidole ile kona ya jicho karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Umewahi kusikia uchungu wa dawa kooni baada ya kutia machoni? Ile ni dawa iliyopita kwenye kijimfereji cha machozi ikashukia puani. Ukibonyeza kona, inabaki jichoni inakotakiwa.

Ukiwa na dawa mbili za matone, subiri dakika tano kati ya moja na nyingine. Ukiwa na matone na marhamu, kwa mfano ile ya tetrasaiklini ya tyubu, matone yatangulie, marhamu ifuate. Marhamu hufanya ukungu machoni kwa muda, basi usipande pikipiki hapo hapo. Mvaaji wa lenzi avue mpaka matibabu yaishe. Na dozi iishe kama ulivyoandikiwa. Kwa kloramfenikoli maelekezo ya kawaida ni siku tano, mara nyingi zaidi kwa siku katika siku mbili za mwanzo. Ukiacha siku ya pili kwa kuwa wekundu umepungua, unaweza kuwaacha hai bakteria waliokwisha kuizoea dawa, na hao huja kumpata mwingine. Hali hiyo wataalamu wanaiita usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Siku unayofungua chupa, andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino usiofutika. Wiki nne zikipita, itupe, hata kama imebaki nusu. Najua inauma, fedha imetoka mfukoni. Lakini tarehe ya kuisha iliyochapwa na kiwanda inahusu chupa iliyofungwa. Ukishaikata mdomo, hesabu nyingine imeanza. Kati ya mwaka 2022 na 2023 huko Marekani watu 81 katika majimbo 18 walipata maambukizi ya bakteria sugu, na uchunguzi ukaelekea kwenye machozi bandia yaliyochafuka. Wanne walifariki, 14 walipoteza uwezo wa kuona, wanne waliondolewa jicho. Chupa zile hazikuwa hata za antibayotiki. Zilikuwa za kulainisha macho tu. Ikiwa kimiminika kilichotoka kiwandani kinaweza kufika huko, fikiria chupa iliyolala kwenye mkoba tangu Ramadhani.

Kuna hatari moja naiogopa kuliko zote, na nitakaa nayo kidogo. Madukani kuna chupa zenye vitu viwili ndani: antibayotiki na steroidi. Steroidi hutuliza wekundu upesi sana. Unatia usiku, asubuhi jicho jeupe, unamwambia kila mtu umepata dawa kiboko. Sasa mchukue mkulima aliyepigwa na jani la hindi shambani. Jani linachubua konea, kile kioo cha mbele ya jicho, na linaweza kuacha humo fangasi. Antibayotiki haiui fangasi, na steroidi inaulaza ulinzi wa mwili, kwa hiyo fangasi inakula konea kwa raha wakati mwenye jicho anadhani amepona. Akija hospitali ana doa jeupe katikati ya jicho. Kirusi cha malengelenge kikiwa jichoni nacho hufurahia steroidi namna hiyo hiyo. Na anayeitumia kwa miezi bila kuangaliwa anaweza kujiletea presha ya macho au mtoto wa jicho. Madaktari huitumia kwa sababu zao, wakimtazama mgonjwa kwa karibu. Wewe na mimi tusijiandikie. Soma boksi: majina yanayoishia na soni au soloni, kama deksamethasoni, betamethasoni na prednisoloni, ndiyo hayo.

Tazama pia kama boksi limesema macho au masikio. Chupa za kloramfenikoli za sikio hufanana kabisa na za jicho, ila dawa iliyomo huwa kali mara kumi au zaidi, na imechanganywa kwa kimiminika kinachounguza jicho. Nyumba yenye dawa ya sikio na dawa ya macho iziweke mahali tofauti, hasa kama anayetia ni bibi asiyeona vizuri maandishi.

Kuhusu bibi, niseme kwa heshima. Wangu alitutia maziwa ya mama, na nimeona watu wakitumia chai ya rangi, maji ya majani, hata mkojo. Walitumia walichokuwa nacho, zahanati ikiwa mbali. Lakini hakuna kimoja kati ya hivyo kilicho safi kwa kiwango cha jicho, na mkojo unaweza kubeba kisonono mpaka kwenye konea. Maji safi ya kufuta tongotongo yanatosha mpaka utakapofika kituo cha afya.

Mtoto mchanga simchanganyi na mazungumzo ya duka la dawa. Jicho la mtoto wa chini ya mwezi mmoja likitoa usaha, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Vimelea vya kisonono alivyovipata wakati wa kuzaliwa vinaweza kutoboa konea kwa siku moja au mbili, na matone peke yake hayavishindi. Anahitaji sindano, na mama na baba watibiwe pia. Ndiyo maana watoto hupakwa marhamu machoni mara tu wanapozaliwa. Kazi hiyo ilianza na daktari Carl Credé mjini Leipzig, aliyeandika mwaka 1881 jinsi tone la nitrati ya fedha lilivyookoa macho ya watoto wa wodi yake. Mama, muulize mkunga kama mwanao amepakwa.

Mkubwa naye aende bila kuchelewa akiwa na maumivu makali, akishindwa kuvumilia mwanga, kuona kwake kukififia, akiwa na doa jeupe, akiwa ameumizwa na kitu au amerukiwa na kemikali, au akiwa ametia dawa siku mbili bila nafuu. Kemikali ikiingia, usitafute dawa yoyote: mwagia jicho maji safi mengi kwa muda mrefu kwanza, ndipo mwende.

Ninyi mnaouza dawa, nina neno na ninyi. Maduka ya Dawa Muhimu yalipoanza mkoani Ruvuma mwaka 2003, lengo lilikuwa mwananchi wa mbali apate dawa sahihi kwa mtu aliyefundishwa. Kwa watu wengi ninyi ndio mlango wa kwanza. Mteja akisema "nipe ya macho", muombeni asogee kwenye mwanga mumtazame. Mkimuuzia, mwandikieni tarehe ya kutupa juu ya chupa, palepale, kwa mkono wenu.

Nawe msomaji, jioni hii fungua mlango wa friji, droo ya kitandani, na lile kopo la dawa juu ya kabati. Kila chupa ya macho iliyofunguliwa usiyoijua tarehe yake, iondoe. Siku ukihitaji mpya, ukifika dukani usianze kwa kutaja jina la dawa. Sema: "Ndugu, jicho limeanza juzi, asubuhi linaganda, naona vizuri, sijaumizwa na kitu, sivai lenzi. Naomba unitazame." Akikupa chupa, muulize: "Hii ina steroidi?" Akisema hajui, mrudishie, mshukuru, uende zahanati.